Kabla ya Kumruhusu Mwanao Kuupanda Mlima Kenya

Si jambo geni siku hizi kwa mzazi wa Mombasa, Malindi au Kwale kuletewa barua ya idhini na mwanawe. Shule, chuo au kikundi cha vijana kimepanga safari ya bara: watalala Nyeri au Nanyuki, watazuru mji, kisha wataupanda Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana. Barua hutaja nauli, siku ya kuondoka na saa ya kurejea. Huomba pia sweta moja na viatu vya raba. Mama huisoma, hushauriana na baba, na aghalabu hutia sahihi, kwa kuwa mtoto ana furaha na wenzake wote wanakwenda.

Makala haya hayakuandikwa kuwazuia vijana wetu. Mlima ule ni neema ya kutazamwa, na binti au kijana aliyeuona alfajiri, jua likichomoza juu ya bahari ya mawingu, atausimulia kwa wajukuu wake. Lakini sisi watu wa pwani tumezaliwa mahali ambapo baridi kali ni ile ya Julai, kusi inapovuma, nayo hufukuzwa kwa shuka moja. Hatuna kipimo cha baridi inayoua. Kwa hiyo tunaweza kutia sahihi barua ile bila kujua tunachokiidhinisha.

Tuanze na kalenda, maana hapo ndipo kosa la kwanza hufanyika. Nyanda za Mlima Kenya zina misimu miwili ya mvua: masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Miezi mikavu, ambayo waongoza njia huisifu, ni Januari na Februari, kisha Agosti na Septemba. Sasa zitazameni likizo za shule. Ile ya Aprili imo katikati ya masika, na ile ya mwisho wa mwaka huanza vuli ikiwa bado inanyesha. Yaani nyakati mbili kati ya zile ambazo watoto wana nafasi ya kusafiri ndizo ambazo mlima haufai. Mvua inayonyesha mjini Nyeri huwa theluji kule juu, na ukungu hushuka hata mtu asimwone mwenzake aliye hatua kumi mbele. Likizo ya Agosti ndiyo inayosalia, na laiti wapangaji wa safari wangeizingatia zaidi.

Hata katika miezi mizuri, mlima una tabia yake ya kila siku. Asubuhi huwa angavu. Kufikia saa nne au saa tano mawingu hupanda kutoka misituni, na alasiri huleta mvua, mvua ya mawe au theluji. Ndiyo maana wapandaji huamshwa saa nane au saa tisa za usiku ili wafike kileleni jua linapochomoza na kuteremka kabla mawingu hayajawakuta. Kikundi kilichochelewa kuondoka kwa sababu wawili walikuwa wakitafuta soksi kimekwisha kuingia hatarini kabla ya kupiga hatua ya kwanza.

Mlima wenyewe ni volkano iliyozimika zamani sana. Vilele vyake vitatu vikubwa vilipewa majina ya viongozi wa dini wa Wamaasai: Batian wenye mita 5,199, Nelion wenye mita 5,188, na Lenana wenye mita 4,985. Viwili vya kwanza ni miamba mitupu, haipandwi ila kwa kamba na ujuzi. Lenana hufikiwa kwa miguu, na kwa sababu hiyo watu huudhania kuwa ni matembezi tu.

Pwani yetu imo katika historia ya mlima huu kuliko tunavyokumbuka. Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa na makazi yake Rabai karibu na Mombasa, ndiye Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameiona theluji yake, akiwa Kitui tarehe 3 Desemba 1849. Wataalamu wa Ulaya walimcheka, wakisema theluji haiwezi kukaa kwenye ikweta. Nusu karne baadaye, mwaka 1899, Halford Mackinder wa Uingereza alikuwa wa kwanza kufika Batian, pamoja na waongoza njia wawili kutoka Alps, na msafara wake uliondoka na Waswahili zaidi ya sitini wakiwa wapagazi. Vitabu vinataja majina ya Wazungu watatu waliosimama kileleni. Watu wa pwani waliobeba mizigo katika baridi ile hawatajwi sana.

Katika visa vyote vya mlima huu, kimoja kinafaa kusomwa na kila anayedhani kwamba hamu pekee yatosha kumfikisha mtu juu.

Mwaka 1942, katika kambi nambari 354 mjini Nanyuki, Waingereza walikuwa wamewafungia mateka wa vita wa Kiitalia waliokamatwa Ethiopia. Mmoja wao alikuwa Felice Benuzzi, aliyezaliwa Vienna mwaka 1910, akakulia Trieste, na kuwa ofisa wa utawala wa Kiitalia huko Ethiopia. Siku moja mawingu yalifunguka, akauona mlima kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo hakuwa na wazo jingine. Hakutaka kutoroka ili arudi kwao, kwani nchi yote ilimzunguka na hakuwa na pa kwenda. Alitaka kutoroka aupande mlima, kisha arejee kambini mwenyewe.

Aliwapata wenzake wawili. Giovanni Balletto alikuwa tabibu na aliijua milima ya kwao. Vincenzo Barsotti hakuwa amewahi kupanda mlima wowote. Kwa miezi kadhaa walijitayarisha kwa siri. Nyundo ziligeuzwa kuwa sururu za barafu. Vyuma chakavu vilifuliwa vikawa meno ya kufungwa chini ya viatu. Mablanketi yalishonwa nguo, na kamba za vitanda vya kambini ziliungwa kuwa kamba za kupandia. Chakula walikiweka akiba kutoka katika posho yao. Ramani hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni karatasi iliyobandikwa kwenye kopo la nyama na mboga, yenye mchoro wa mlima, na hata mchoro huo ulionyesha upande mwingine, si ule waliokuwa wakiuelekea.

Tarehe 24 Januari 1943 walitoka kambini kwa ufunguo waliouchonga kwa siri. Walijificha mchana na kutembea usiku hadi walipoyapita mashamba ya walowezi, kisha wakafuata mto kuingia msituni, mahali penye vifaru na ndovu. Tazama kwamba walichagua msimu ulio sawa, mwisho wa Januari, wala si Aprili wala Novemba. Hata hivyo mlima haukuwaachilia.

Barsotti aliugua, akabaki katika kambi waliyoipiga juu. Benuzzi na Balletto walijaribu kuupanda Batian. Chakula kilikuwa kimekwisha kupungua mno, na nguvu pia. Walipokuwa juu ya mwamba, dhoruba ya theluji iliwashukia, wakageuka kwa shida na kuteremka. Wangeweza kuendelea kwa ukaidi, na kisa chao kisingesimuliwa na yeyote. Walipumzika, na tarehe 6 Februari wakaupanda Lenana badala yake. Waliisimamisha pale bendera ya Italia waliyoishona wenyewe, wakaacha majina yao ndani ya chupa. Miaka ishirini baadaye, katika usiku wa uhuru wa Desemba 1963, Kisoi Munyao angeisimamisha bendera ya Kenya juu ya kilele hichohicho.

Safari ya kurudi ilikuwa ya njaa tupu. Walifika kambini tarehe 10 Februari, wakajisalimisha. Adhabu ilikuwa siku 28 za kifungo cha upweke, lakini mkuu wa kambi alizipunguza zikawa saba, kwa kuwa alivutiwa na ushujaa wao. Benuzzi aliandika kitabu baada ya vita, akaingia katika kazi ya ubalozi, na akafariki Roma mwaka 1988.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama kisa cha ushujaa, nacho ni hivyo. Kwangu mimi, mtu wa kutazamwa ni Barsotti. Alipohisi mwili umekataa, alisema, na wenzake hawakumburura. Huyo ndiye mfano wa kuwapa vijana wetu, maana kinachowaangamiza wengi mlimani ni haya. Kijana anaumwa kichwa tangu jana, hakula chakula cha usiku, anayumba, lakini hataki kuambiwa kuwa ni mdhaifu mbele ya wenzake. Binti hasemi kwa kuchelea kuuchelewesha msafara. Mwalimu naye anaona fahari shule nzima ikipigwa picha kileleni. Basi wote wananyamaza.

Ni nini hasa kinachoendelea mwilini? Hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda. Karibu na mita 5,000 mapafu hupata zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni tunayoivuta hapa Mombasa. Mwili unaweza kuzoea, lakini unahitaji siku. Madaktari wa milimani hushauri kwamba, ukishapita mita 3,000, usilale usiku huu juu zaidi ya mita 500 kuliko ulipolala jana. Sasa ifikirieni safari ya kawaida kwa njia ya Naro Moru. Usiku wa kwanza watoto wamo katika basi wakitoka usawa wa bahari. Wa pili wamelala kituo cha hali ya hewa, kwenye mita 3,050. Wa tatu wako kambi ya Mackinder, karibu mita 4,200. Usiku huohuo wanaamshwa kwenda mita 4,985. Barabara nzuri na bei nafuu zimeufanya mlima huu uwe rahisi kufikiwa haraka, na wepesi huo ndio uliowadhuru wengi.

Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na usingizi. Hizo zikitokea, mtu hapandi tena hata zitakapokwisha. Zipo mbili za kuogopwa zaidi. Ya kwanza ni maji kujaa mapafuni: mgonjwa hukohoa, hutweta hata akiwa ameketi, na midomo hubadilika rangi. Ya pili ni ubongo kuvimba: mgonjwa huyumba kama mlevi, husema maneno yasiyounganika, na hukasirika akiambiwa arudi. Dawa ya zote mbili ni kuteremka, na kuteremka sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane, hata kama mvua inanyesha. Kusubiri pambazuke kumewagharimu watu uhai.

Kisha kuna baridi. Joto hupungua takriban nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Siku ambayo Mombasa ina nyuzi 28, Lenana huweza kuwa chini ya sifuri, na bado hatujauhesabu upepo, wala nguo zilizolowa. Mtu aliyelowa hutetemeka kwanza, kisha vidole humkatalia, ulimi huwa mzito, hujikwaa. Baada ya hapo hukoma kutetemeka, na wenzake hudhani amepata nafuu. La hasha, huo ndio wakati mwili umeshindwa kujipasha joto.

Hapa nina neno na akina mama, kwa kuwa ni sisi tunaopanga mizigo. Pamba ndiyo rafiki yetu wa pwani: kanga, dera, fulana, jinzi. Mlimani ni adui. Pamba ikilowa kwa mvua au kwa jasho haikauki, nayo hunyonya joto la mwili. Kinachotakiwa ni nguo ya ndani isiyo ya pamba, juu yake sufu au sweta zito, na juu kabisa koti na suruali visivyopenyeza maji. Binti anayejisitiri hana haja ya kuacha stara yake: suruali pana ya mvua na koti refu humsitiri vizuri, na kitambaa cha kichwa cha sufu kina joto kuliko kofia. Ila buibui na sketi ndefu hunasa kwenye mawe, hunyonya tope la kinamasi kilicho juu ya msitu wa Naro Moru, na katika mteremko wenye theluji huangusha. Viatu vya raba vile vilivyotajwa katika barua havifai. Zinatakiwa buti zilizokwisha kuzoewa na mguu, jozi kadhaa za soksi, na glovu. Nguo kavu za kulalia zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki na zisiguswe mchana, hata kijana akilia. Vitu vingi kati ya hivi hukodishwa Naro Moru na Nanyuki, kwa hiyo si lazima familia inunue kila kitu.

Wengine wameuliza juu ya udhu. Maji ya kule asubuhi huwa yameganda juu. Kisa cha Amr ibn al-As, radhi za Allah zimfikie, aliyetayamamu usiku wa baridi kali kwa kuihofia nafsi yake, kinajulikana. Ustadhi wenu atawaelezea vijana masharti yake kabla ya safari, ili asipatikane mmoja anayeilowesha miguu na kichwa saa tisa usiku kisha akavaa soksi zilizolowa. Mambo ya chakula cha halali nayo hupangwa na wapishi mapema, si mlimani.

Kuna dhana kwamba jambo likiharibika, helikopta itakuja. Mwaka 1970 madaktari wawili wa Austria, Oswald Oelz na Gert Judmaier, waliufikia Batian. Hawa walikuwa wajuzi. Walipoanza kuteremka, tarehe 5 Septemba, jiwe liling'oka, Judmaier akaanguka na kuvunjika mguu vibaya. Oelz aliteremka peke yake kutafuta msaada. Wanachama wa klabu ya milima ya Kenya, watu wa kujitolea waliokuwa na kazi zao za kila siku, walipanda katika theluji na mvua, wakajitahidi kwa siku nyingi bila kuweza kumshusha. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, aliyekuwa akisaidia kwa helikopta, alianguka nayo na kufa. Hatimaye baba wa majeruhi akaomba waokoaji kutoka Innsbruck, wakasafiri kwa ndege hadi Kenya, nao wakamshusha akiwa hai, baada ya zaidi ya juma moja. Kibanda cha Austria kilicho chini ya Lenana ni ukumbusho wa shukrani za Waaustria. Leo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lina askari waliofunzwa uokoaji, lakini ukungu unapofunika bonde, helikopta haina macho. Mgonjwa hubebwa kwa machela, na machela huenda taratibu.

Basi barua ikija, mwulizeni mwalimu au kiongozi mambo machache, bila kuona haya. Safari ni siku ngapi? Nne kwa mtoto wa pwani ni chache. Tano ni bora, na siku moja kati ya hizo iwe ya kukaa mahali pamoja ili mwili uzoee. Njia ni ipi? Ile ya Sirimon, upande wa Nanyuki, hupanda taratibu na hupata mvua kidogo kuliko ya Naro Moru. Ya Chogoria ina mandhari nzuri kuliko zote, lakini ni ndefu. Waongoza njia ni wangapi kwa watoto wangapi, na wana vibali vya KWS? Iwapo mmoja ataugua, ni nani atakayeteremka naye, na wanaosalia watakuwa na nani? Watoto wenye pumu, ugonjwa wa selimundu au matatizo ya moyo wamechunguzwa na daktari? Na swali ambalo wengi hawaliulizi: ni saa ngapi kikundi kitageuka hata kama hakijafika kileleni? Kiongozi asiye na jibu la hili hajaufikiria mlima.

Na kama tarehe ni ya Aprili au Novemba, hakuna ubaya kuomba safari ibadilishwe. Mjini Nyeri peke yake kuna mengi ya kuona. Lipo kaburi la Baden-Powell, mwasisi wa maskauti, aliyefariki Januari 1941 na kuzikwa akiuelekea mlima; juu ya jiwe lake kuna duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti huiacha njiani kumaanisha kwamba amekwenda nyumbani. Vijana wanaweza pia kutembea siku moja katika msitu wa chini, wakaiona mianzi na nyani, wakarejea mjini kabla ya magharibi. Mlima watauona kutoka barabarani asubuhi, kabla ya saa nne, mawingu yakiwa bado hayajapanda.